Ombi la Kibali cha Kubeti Mahudhurio ya Mikutano ya Amani

Kwa Sekretarieti,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

Waheshimiwa,



Sisi wapenzi wa kubeti tumechoshwa na ligi za Ulaya. Timu kubwa zinatoka droo na timu zisizojulikana, mikeka inachanika dakika za nyongeza, na fedha zetu zinakwenda kusikojulikana. Wakati huohuo hapa nyumbani kuna mchezo mgumu kuliko ligi yoyote ile, na hakuna hata kampuni moja iliyouweka kwenye mkeka: kati ya Kinshasa na Kigali, nani atafika kwenye mazungumzo ya amani, nani atatuma waziri, nani atatokea kwenye skrini, na nani atatoa udhuru wakati bendera zimeshapangwa na maji ya chupa yameshafika mezani. Tunaomba mtupe kibali.

Msidhani tunatania. Tumepitia rekodi kwa makini, na tunakiri kwamba hata marehemu mnajimu Sheikh Yahya Hussein, na nyota zake zote, angezipitia akaomba muda wa kufikiri.

Tuanze na Luanda, Desemba 15, 2024. Rais João Lourenço wa Angola, msuluhishi aliyetumwa na Umoja wa Afrika, aliwaalika Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda. Mawaziri wao walitangulia wakakwama kwenye swali moja: je, serikali ya Kongo itakaa meza moja na waasi wa M23? Kigali ilitaka hilo likubaliwe, Kinshasa ikasema haiwezekani. Siku ya mkutano Tshisekedi alikuwapo Luanda. Kagame hakwenda. Wote waliobeti "marais wawili, picha moja" walichana mikeka yao mapema.

Mwezi uliofuata Goma, mashariki mwa Kongo, ikaingia mikononi mwa M23. Januari 29, 2025, Rais William Ruto, aliyekuwa mwenyekiti wenu, akaitisha kikao cha dharura kwa njia ya video. Hapa tulijiona washindi. Mkutano wa video hauhitaji ndege, hauhitaji hoteli, hauhitaji hata kuvaa viatu, maana kamera haioni chini ya meza. Mtu atakosaje? Kagame akaingia. Tshisekedi hakuonekana.

Siku kumi baadaye, Februari 8, jumuiya mbili, yenu na ile ya Kusini mwa Afrika, zikafanya mkutano wa pamoja Dar es Salaam, mwenyeji akiwa Rais Samia Suluhu Hassan. Huu ulikuwa mkutano wa kukaa ukumbini, kuonana na kushikana mikono. Kagame akafika mwenyewe. Tshisekedi akahudhuria kwa video. Yaani mkutano ukiwa wa video, hayupo. Mkutano ukiwa wa ana kwa ana, yupo kwenye video! Waheshimiwa, mchezo wa namna hii hauchezwi Manchester wala Madrid. Mnakaa juu ya mgodi.

Taarifa ya pamoja ya siku hiyo iliagiza usitishaji wa mapigano mara moja na ikawapa wakuu wa majeshi siku tano kukutana. Ndani ya siku chache tu watu waliokimbilia kambi za pembezoni mwa Goma wakaambiwa na M23 waondoke, na wiki haijapita sana Bukavu nayo ikatekwa. Kuhusu hilo hatukubeti. Nani angeweka dau upande wa pili?

Katika kutafuta kanuni, wataalamu wetu wamegundua jambo ambalo tunaliweka mezani kwenu bure, kabla ya kibali, kuonyesha nia njema. Tunaliita Kanuni ya Kilomita. Kadiri mkutano unavyokuwa mbali na Kivu, kwenye vita vyenyewe, ndivyo viti vinavyojaa. Wiki ile ile ambayo wakuu wa Afrika walikuwa wakikusanyika Addis Ababa, Tshisekedi alikuwa Munich, Ujerumani, kwenye mkutano wa usalama wa Wazungu. Machi 18 Angola ilitayarisha mazungumzo ya ana kwa ana kati ya Kinshasa na M23. Siku moja kabla, Umoja wa Ulaya ukawawekea vikwazo viongozi wa M23, nao wakasema basi, hatuendi. Na siku hiyohiyo ambayo Luanda ilikuwa inafuta vumbi kwenye viti, Kagame na Tshisekedi walikuwa Doha, pamoja, mbele ya Amiri wa Qatar. Hakuna aliyekuwa na Doha kwenye mkeka. Haikupita wiki Angola ikatangaza kwamba inaachia usuluhishi, na kwa kweli mtu mwenye heshima zake angefanya nini kingine.

Kisha ikaja Washington. Juni 27 mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo mbili walitia saini mkataba wa amani. Desemba 4 marais wenyewe walifika, wote wawili, suti zimenyooka, Rais Donald Trump katikati. Bahari nzima ya Atlantiki haikuwa udhuru. Ila wale wanaoshindwa kuvuka kwenda Luanda, au kutoka Kinshasa kuja Dar es Salaam, tusiwaulize habari za uchovu wa safari.

Mtatukumbusha, na mna haki, kwamba kwenye mkutano wenu wa Bujumbura, Februari 2023, wote wawili walikuja. Ni kweli. Kila kanuni ina mwanya wake. Lakini kinachokumbukwa kwenye mkutano ule ni ile video ya Tshisekedi akimsema kamanda wa kikosi chenu kilichokuwa mashariki mwa Kongo, pembeni ya kikao, na kabla mwaka haujaisha Kinshasa ilikuwa imekionyesha kikosi hicho mlango.

Wala msidhani kwamba hili ni tatizo la kizazi hiki. Kwenye mazungumzo ya Lusaka mwaka 1999, vita vya Kongo vilikuwa na pande nyingi mpaka ikawa swali kubwa si nani afike, bali nani ni nani. Chama cha waasi cha RCD kilikuwa kimepasuka, upande mmoja ukiwa na Profesa Ernest Wamba dia Wamba, aliyewahi kufundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upande wa pili ukiwa na Emile Ilunga. Kila mmoja alidai kalamu ni yake. Serikali zilitia saini mkataba Julai. RCD ikasubiri hadi mwisho wa Agosti, ndipo ikaamuliwa kwamba waasisi wake wote, wapatao 50, watie saini mmoja mmoja. Fikirieni foleni hiyo. Fikirieni mkeka huo!

Na hapo hapo kwenu Arusha, Agosti 28, 2000, ukumbi ulifurika kwa ajili ya Burundi. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mandela akaushika usukani wa usuluhishi, Rais Bill Clinton akaja kushuhudia, na pande 19 zilikuwa zimeshiriki mazungumzo. Aliyebeti kwamba ukumbi utajaa alikula hela. Ila CNDD-FDD na FNL, waliokuwa na bunduki msituni, hawakuwamo kwenye makubaliano yale, na vita vikaendelea kwa miaka kadhaa. Daftari la mahudhurio lilikuwa safi kabisa.

Sasa masharti, maana tunajua mtauliza. Mawaziri wa mambo ya nje waruhusiwe kubeti kama raia wengine, kwa sababu rekodi inaonyesha nao hawajui. Watakaopigwa marufuku ni marubani wa ndege za marais, wapishi wa ikulu na fundi wa kuunganisha skrini. Hao ndio wenye taarifa. Fundi wa skrini hasa awekwe chini ya ulinzi siku mbili kabla ya kila kikao.

Faida kwenu iko wazi. Kila mwaka mnalalamika kwamba kuna nchi wanachama hazijaleta michango yao. Tukatwe kodi kwenye kila mkeka. Kwa kasi hii ya kuitisha mikutano, na kwa idadi ya wasuluhishi iliyopo, Uhuru Kenyatta, Olusegun Obasanjo na wengine walioongezwa baadaye, kisha kiongozi wa Togo, Faure Gnassingbé, akatwishwa mzigo ambao Angola iliutua, mtalipa mishahara ya sekretarieti na bado itabaki ya kukarabati ukumbi.

Lipo jambo moja tu ambalo hatutaliweka kwenye mkeka, kwa kuwa halina mashaka, na kisicho na mashaka hakibetiwi. Vita havijawahi kutoa udhuru. Siku chache baada ya zile saini za Washington za Desemba, M23 waliingia Uvira, mji unaotazamana na Bujumbura kwenye Ziwa Tanganyika, na maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi wakiwa na walichoweza kubeba. Wakimbizi hao hawakualikwa Washington, Doha wala Dar es Salaam, na hakuna aliyewahi kuuliza kama watatuma mwakilishi.

Tunasubiri jibu lenu. Kama kibali kitashindikana, kwa sababu tunajua maamuzi ya wakuu wa nchi zenu hupita kwa maafikiano, na maafikiano yanahitaji watu wafike, basi tunaomba jambo moja dogo lisilo na gharama. Katika taarifa ya pamoja ya mkutano ujao, chini ya orodha ya waheshimiwa waliohudhuria, wekeni orodha ya pili: miji iliyotekwa tangu mkutano uliopita.



Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,
Mwananchi mwenye mkeka uliochanika