Waliorudi na Maiki
Msimu wa korosho ukifika, wanamuziki wa Dar hukumbuka ghafla kwamba Masasi na Newala wana mashabiki. Juzi alikuja mzee wa gitaa la solo, katulia kitini kama mlima Mtandi, pamoja na waimbaji watatu waliowahi kumkimbia kwa nyakati tofauti. Kila mmoja alimkumbatia, akamwita baba. Mzee alikuwa anakaza nyuzi.

Si ajabu; katika dansi kuhama na kurudi ni kawaida. Bendi ya NUTA Jazz ya 1964 imekuwa JUWATA, OTTU, hadi Msondo. Waimbaji Bitchuka na Dede walivuka kati yake na bendi ya Sikinde kama watu watokao sebuleni kwenda jikoni.

Wimbo ulipoanza juzi, ubeti wa kwanza waimbaji wa mzee waliudaka wote watatu. Wa pili hakuna aliyeukumbuka. Gitaa likaendelea peke yake mpaka jirani yangu wa Newala akaanza kuulizia basi.