Jinsi ya Kuagiza Tagi Ukiwa Kitale

Umeuza mahindi, bei imekuwa nzuri kuliko ulivyozoea, na majirani zako wote Kitale wananunua matrekta au wanajenga vyumba vya kupangisha. Wewe umeamua kuagiza tagi, ile boti fupi yenye nguvu inayovuta meli kubwa bandarini. Watacheka. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji tuliyo nayo karibu ni kinamasi cha Saiwa, ambacho tayari kina wenyewe, yaani nzohe. Waache wacheke. Mto Nzoia unaanzia huku huku kwetu, unapita kaunti ya Bungoma na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, kwa hivyo kwenye ramani una njia ya maji kutoka shambani hadi Mwanza. Maporomoko ya Nabuyole pale Webuye utayafikiria ukiyafikia.

Kwanza panda matatu uende Bungoma ukamwone shemeji. Kila ukoo una shemeji mmoja anayejua mambo ya forodha, na wa kwenu ana ofisi ghorofani, juu ya duka la dawa. Msalimie mulembe, kunywa chai yote, halafu ndipo useme.

"Shemeji, hiyo inabeba nini?"

"Haibebi kitu."

"Abiria?"

"Hapana."

"Sasa umenunua nini?"

Usikasirike. Hapo shemeji amegusa kiini cha jambo bila kujua. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki unafuata HS, mfumo wa Shirika la Forodha Duniani wa kupanga bidhaa kwa namba, na vyombo vya majini vyote vimewekwa Sura ya 89. Meli za abiria, feri, meli za mizigo na matishari ni 8901. Za uvuvi ni 8902. Za starehe, pamoja na mitumbwi, ni 8903. Boti za kuvuta na za kusukuma zina namba yao pekee, 8904, kwa sababu hazikuundwa kubeba mtu wala gunia.

Ofisa hatasoma jina ulilochora ubavuni, hata kama ni la mama mkwe. Atatazama mashine, ambayo kwenye tagi ni kubwa mno ukilinganisha na boti yenyewe. Atatazama mwili ulioimarishwa, kisha ndoano na winchi ya amari kule nyuma. Ikiwa ni ya kusukuma, atatafuta omo bapa la kuegemea tishari, na chumba cha nahodha kilichoinuliwa juu ili aone ng'ambo ya mzigo. Vyumba vingine hupandishwa na kushushwa.

Mtu wa Trans Nzoia ana faida hapa kuliko wa Mombasa, maana trekta analijua. Sura ya 87 inaeleza trekta kuwa ni gari lililoundwa hasa kuvuta au kusukuma gari jingine, kifaa au mzigo. Umeona mara ngapi watu sita wamening'inia juu ya trekta wakienda sokoni? Hawajaligeuza kuwa matatu. Basi na tagi ni hivyo hivyo: ukiijaza magunia ya mahindi, umeitumia vibaya, lakini bado ni 8904.

Sasa utapewa ushauri wa bure. Wa kwanza atakwambia uiandikishe kama boti ya zimamoto kwa kuwa ina mzinga wa maji. Maelezo rasmi ya mfumo yalishamtangulia: tagi yaweza kuwa na vifaa vya kuzima moto na ikabaki tagi, ila chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo huenda 8905. Wa pili atakushauri uipake rangi nyeupe, upange viti vya plastiki, useme ni ya starehe. Wa tatu, huyu kwa kawaida ana bia mkononi, atasema uandike trekta la majini. Msikilize kwa heshima, kisha usome kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004: tamko la uongo laweza kukupeleka ndani hadi miaka 3, au faini ya hadi dola 10,000. Kama una shaka ya kweli, sheria hiyo hiyo inakuruhusu kuomba uamuzi wa maandishi kabla mzigo haujafika. Watu wengi hupendelea kubahatisha kwanza na kulia baadaye.

Tatizo la kweli ni barabara. Lori la ekseli 7 haliruhusiwi kupita tani 56, na tagi ya bandari kubwa huzidi hapo mara kadhaa. Utaamua kuileta vipande vipande. Wazo hili ni zee. Meli William Mackinnon ilitoka Scotland ikiwa vipande, baadhi vikabebwa na wapagazi, ikazinduliwa ziwani mwaka wa 1900 kabla reli haijafika Kisumu. Meli ya Victoria nayo iliunganishwa Glasgow, ikafunguliwa, ikasafirishwa, ikaunganishwa tena Kisumu, ikaanza kazi 1961.

Wenye meli hizo hawakuwa na HS. Wewe unayo. Vipande vikifikishwa forodhani pamoja, na vikionekana wazi kuwa ni tagi iliyofunguliwa, ni tagi, 8904. Lakini ukimtumia fundi pesa kidogo kidogo kama tufanyavyo na nyumba, mambo yanabadilika, maana Sura ya 89 haina namba ya vipuri. Mashine ikija mwezi wa tatu ni 8408. Rafadha mwezi wa tano ni 8487. Nanga ni 7316. Mwili mtupu, usioonyesha kama ungekuwa tagi au feri, hutupwa 8906 pamoja na vyombo visivyo na kwao. Matairi yaliyoning'inizwa ubavuni huenda na boti. Yakija peke yake ni matairi makuukuu, 4012, na hapo jiandae kujibu maswali.

Kuiuza nje ni rahisi zaidi. Mnunuzi wa Jinja akipatikana, tarakimu 6 za kwanza ni zile zile kila nchi inayotumia mfumo huu, 8904.00, iwe inaingia au inatoka. Shida itakuwa foleni ya Malaba, ambako madereva watataka kupiga picha nayo.

Asipopatikana, itakaa Webuye ikiota kutu, na siku moja atakuja mtu wa vyuma. Mwulize mapema. Meli nzima inayouzwa nje ili ikavunjwe ni 8908. Akishaikatakata kwa gesi ni chuma chakavu, 7204, na hapo inatakiwa leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Bei ni kwa kilo, na shemeji atadai asilimia yake.