TV ni ya Mama: Namna ya Kuunga Kompyuta Sebuleni na Kucheza Gemu

Kazi hii haianzii kwenye waya. Inaanzia kwa mwenye TV, na kwetu mwenye TV ni mama. Usimwendee mafuta yakiwa yanachemka jikoni, wala tamthilia yake ikiwa imefika penye utamu. Msubiri amalize chai.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Haya, sema unachotaka.”

“Naomba TV leo jioni. Tunaunga kompyuta, wadogo zangu wacheze mpira.”

“Saa mbili nataka taarifa ya habari. Na king’amuzi changu asiguse mtu.”

Kubali yote mawili na uyashike kwelikweli. Nyuma ya TV mara nyingi kuna matundu mawili au matatu ya HDMI, na moja limekaliwa na king’amuzi. Ukichomoa waya wake ili uchomeke wako, kila chaneli itakayokwama mwezi huo ni kesi yako, hata kama ni mvua imeharibu mawimbi. Tafuta tundu lililo wazi, soma namba iliyoandikwa pembeni yake, uikariri.

Sasa geuza kompyuta uitazame ubavuni. Tundu la HDMI ni pana juu na limebana chini, kama tumbo la ngalawa. Kichwa cha waya wake kina pini 19, na zinabeba picha na sauti kwa pamoja. Kama tundu hilo lipo pande zote mbili, unahitaji waya mmoja tu wa mita mbili au tatu. Muuzaji akikuletea wenye vichwa vya dhahabu kwa bei mara tatu, mshukuru urudishe. Picha inayopita humo ni ya kidijitali: waya mzima unaifikisha kama ilivyo, waya mbovu utaiona ikikatika au ikimetameta. Dhahabu haiongezi ukijani wa uwanja.

Kompyuta nyingine za zamani zina tundu la VGA tu, lile la matundu 15 yaliyopangwa safu tatu, lenye skrubu mbili pembeni. IBM ililitoa mwaka 1987, nalo hubeba picha peke yake, sauti hapana. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela, na mimi nilipoteza. Nilikwenda Kariakoo nikaomba “kile cha VGA na HDMI”, nikapewa, nikafika nyumbani, kioo kikabaki cheusi jioni nzima. Kumbe visanduku hivi ni barabara ya upande mmoja. Nilichonunua kilikuwa cha kutoa picha kwenye HDMI kuipeleka VGA, na mimi nilihitaji kinyume chake. Sasa nikifika dukani natamka safari yote: “Kaka, nataka cha kutoka VGA ya kompyuta kwenda HDMI ya TV, chenye tundu la sauti.” Cha namna hiyo huwa na kawaya ka USB ka kukipa umeme na kengine kembamba ka kuchomeka penye spika za masikioni. Chomeka vyote viwili.

Mwenye TV ya chogo naye asikate tamaa. Kipo kisanduku cha kutoka HDMI kwenda zile nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Maandishi madogo hutayasoma, majina ya wachezaji utayakisia, lakini mpira unaonekana na goli linaonekana. PES 2013 kwenye chogo inachezeka vizuri, nimeicheza.

Zima TV kabla ya kuchomeka. HDMI imeundwa ichomekwe hata vifaa vikiwa vimewaka, lakini nyumba zetu nyingi hazina waya wa ethi unaoeleweka, na kale kamtetemo unakokasikia ukigusa bati la kompyuta ikiwa kwenye chaji kanaweza kuua tundu la TV. Ukishachomeka, washa, kisha kwa rimoti chagua HDMI yenye ile namba uliyokariri. Kwenye kompyuta ya Windows bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi P. Zitatokea njia nne. Watu huchagua “Duplicate” kwa sababu wanaona picha pande zote mbili, wanaridhika. Chagua “Second screen only”. Ukiiga, TV inalazimishwa kufuata ukubwa wa kioo kidogo cha kompyuta. Ukiipa TV peke yake, inapata picha inayoienea.

Sauti ikibaki kwenye kompyuta, bofya alama ya spika kule chini kulia uchague jina la TV. Ni dakika moja.

Kingo zikikatwa, yaani matokeo na muda juu ya kioo vinaonekana nusu, usiiguse gemu. Huo ni urithi wa chogo. TV za zamani zilikuza picha kidogo ili kingo zake chafu zijifiche nyuma ya fremu, na TV bapa zimeendelea na tabia hiyo bila sababu. Ingia kwenye menyu ya ukubwa wa picha utafute “Just Scan” kama ni LG, “Screen Fit” kwa Samsung nyingi, au “Full Pixel” kwa Sony.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mkali wa gemu kwenye kioo cha kompyuta. Tulipohamia TV akaanza kufungwa ovyo. Nikakaa karibu yake nikatazama vidole badala ya kioo: kidole gumba kinabonyeza, kinaachia, ndipo mchezaji anapiga. Akaambiwa pedi imekufa. Ikanunuliwa nyingine. Akaambiwa kompyuta imezeeka. Mtoto akaanza kuamini kwamba hajui tena kucheza, na hilo liliniuma.

Pedi ilikuwa nzima. TV ndiyo iliyokuwa inachelewa. Kila picha inayoingia, TV huishika kwanza: inaisafisha, inaiongezea rangi, inaitungia picha za katikati ili mwendo uonekane laini. Kwa filamu ni sawa, kwani nani anajua filamu imechelewa? Lakini gemu nyingi hutoa picha 60 kwa sekunde, na TV ikishika kila moja kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mchezaji anaona mambo yaliyopita picha sita nyuma. Beki ameshapita, wewe bado unamwona mbele yako.

Dawa haiuzwi. Fungua menyu ya picha, tafuta “Game” au “Game Mode”, washa. TV isiyo nayo, jaribu kubadili jina la ile HDMI liwe “PC”. Baadhi zitapunguza madoido zenyewe. Vinginevyo zima kimoja kimoja chochote kinachoahidi kulainisha mwendo. Na kurusha picha bila waya kuache kwa filamu na picha za harusi, maana nako kunachelewa. Nilipowasha “Game”, mdogo wangu alipiga shuti moja, akanigeukia, hakusema kitu, akarudi kucheza.

Kwa pedi za bei nafuu, tazama katikati: kuna kitufe kimeandikwa “ANALOG”. Bonyeza mpaka taa nyekundu iwake, la sivyo vile vijiti viwili vinaweza kugoma. Gemu ikiwa nzito, ishushe hadi 1280 kwa 720, na kompyuta iache kwenye chaji, kwa sababu nyingi hupunguza mwendo zikitumia betri.

Saa mbili kasorobo, simamisheni mechi hata kama ni penalti. Bonyeza dirisha na P, rudisha picha kwenye kompyuta, zima TV, chomoa waya wako, uukunje kwa duara pana usije ukakatika shingoni. Washa tena, rudisha TV kwenye king’amuzi. Halafu ingia kwenye menyu uhakikishe sauti iko pale pale alipoiacha mama, na rimoti mkabidhi mkononi.

“Nani kashinda?” atauliza.

Mjibu. Anauliza kwa sababu anataka kujua.