Mstari ni wa Nani?

Leseni ndogo ya kuchimba dhahabu haizidi hekta 10. Kwa skeli ya 1:2,000 eneo lote linaenea kwenye karatasi ya A4, na jina la mwenye leseni linapata pa kukaa. Ugomvi wake ndio hauenei popote.

Niko Nyarugusu, ya Geita, si ile ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi. Nina shangazi Dar ambaye bado ananiuliza kama tunapata mgao wa unga.

Mzee mmoja mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, aliingia steshenari kwangu na jirani yake, wote wamenuna, wakataka niifungue ramani yao kwenye kompyuta. Ilikuwa mchoro wa vekta: ndani hamna picha, mna namba tupu, na kila ukikuza programu inachora upya, safi, bila vidoti.

"Ongeza, mwanangu."

Nikaongeza hadi asilimia 6,400, mwisho wa programu ya Acrobat. Mpaka uliokuwa na unene wa nusu milimita ukatanda kwenye skrini kama barabara ya lami. Duara la mzee lilikuwa katikati ya lami. Nusu milimita kwa skeli ile ni mita nzima ardhini, na upana wa mdomo wa duara nao ni hapo hapo.

"Ngosha," jirani akamgeukia, "sasa mstari ni wa nani?"

Nikawaambia bikoni zilipimwa kwa simu. Simu hutaja digrii kwa desimali sita, ya sita ikiwa sentimita 11, ilhali yenyewe inakosea mita kadhaa. Haina aibu. Tena gridi ya ramani ya UTM huipa ikweta mita milioni 10 na kutuhesabia kwa kushuka, hivyo Nyarugusu tuko milioni 9.6 na ushee. Programu inayotunza namba kwa biti 32, ikishavuka 8,388,608, nusu mita haiijui tena. Inaruka mita nzima nzima. Arc 1960, mfumo wa ramani zetu za zamani, sikuugusa. Unapishana na wa simu kwa mita kama 300, na pale tungeweza kulihamishia duara kanisani.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nichapie hivyo hivyo ilivyokuzwa."

Nikapiga hesabu: urefu mita 19, karatasi 4,096 za A4.

Akaomba punguzo.