Namna ya Kuvuka Ziwa Kwenda Chuo Bila Kurudi Mikono Mitupu

Wewe kijana wa Baraka, kule Fizi nchini Kongo, uliyepata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, kwanza acha kuota Brussels. Geuka mashariki. Hayo maji ya ziwa unayooga kila jioni ndiyo mpaka, na ng'ambo yake ni Kigoma, Tanzania. Ng'ambo ni ng'ambo, hata kama unaifikia kwa boti. Wenzako wengine wa Fizi hupanda kaskazini hadi Bujumbura, ambako Kifaransa chao bado kina kazi.

Ukichagua Tanzania, jiandae kuwa mtoto tena. Umesoma sekondari yote kwa Kifaransa, na mwalimu wa chuo ataingia akifundisha kwa Kiingereza. Usitikise kichwa kama aliyeelewa. Nyoosha mkono, uliza, kisha uliza tena.

Halafu kuna Kiswahili, lugha unayodhani umeimaliza. Kigoma huenda wakakuelewa ukiomba sombe. Dar es Salaam sema kisamvu. Ndagala ni dagaa. "Batoto beko mingi" ni "watoto ni wengi". Wakicheka, cheka nao, lakini usikionee haya Kiswahili cha kwenu. Kila neno lisiloeleweka linakupa sababu ya kuzungumza na mtu ambaye usingemsalimia.

Kosa kubwa kuliko yote ni hili: kupanga chumba na Wabembe wenzako watatu, kupika bugali pamoja, kuongea Kibembe hadi usiku wa manane, na kukaa hivyo miaka mitatu. Sasa maji uliyavukia nini? Jumapili sawa, kutaneni. Ukiugua au ukifiwa, hao ndio watakaofika wa kwanza. Siku nyingine kaa na Msukuma, na Mmakonde, na Mzanzibari, uone wanavyopanga mambo ya nchi yao.

Kumbuka pia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Tangu 1996 kambi hiyo imepokea watu wengi wa Fizi waliokimbia vita, na watoto wao wamesoma mtaala wa Kongo juu ya udongo wa Tanzania. Wale hawakuchagua kuvuka. Wewe umechagua, kwa hiyo usiichezee nafasi hiyo.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo pesa za wazazi huzama. Kabla ya kulipa minervali, yaani ada, peleka diploma yako Baraza la Mitihani la Tanzania ilinganishwe. Uliza Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho kinatambuliwa. Uliza pia mapema jinsi shahada yako itakavyotambuliwa Kinshasa utakaporudi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mihuri bado inafuatwa mmoja mmoja.

Siku utakaposhuka Baraka na begi lako, usiishie kupiga picha. Nenda shule uliyotoka, keti na wale wa darasa la mwisho la sekondari, uwaonyeshe barua ya kuomba chuo inavyoandikwa. Wanakungoja.