Sarafu ya Bibi na Gobore la Baba Mkubwa

Nguruwe pori wakishaonja muhogo wa shamba fulani, hawalisahau. Ndiyo maana Baba mkubwa, huku Pangani, ana gobore lenye kibali chake. Na ndiyo maana nyumba nzima ilikosa amani siku kile kijinundu cha kulengea, kinachokaa karibu na mdomo wa mtutu, kilipochomoka usiku kikapotelea matutani.

Kijinundu kisipokuwepo, mlengaji huinua mdomo wa mtutu bila kujijua, na goroli hupanda. Ile ya Baba mkubwa ilipita juu ya nguruwe ikakita kwenye mnazi wa jirani, na alfajiri mzee wa watu akabisha hodi na msuli wake wa kulalia.

Kipande kipya kikabandikwa kwa gundi. Mshindo wa kwanza tu, kikaruka. Ikaja zamu ya kulehemu. Baba mkubwa akapitisha mdeki ndani ya mtutu mpaka mwisho, akaupima tena kwa nje, akaridhika kwamba hamna shehena, ndipo akawasha moto. Lakini chuma kilikuwa kimeshiba masizi na mafuta ya miaka mingi. Bati halikushika, likajikusanya matone matone, likadondoka na kutoboa mkeka wa ukindu wa Mama mkubwa.

Hapo ndipo jicho lake lilipoangukia mkebe wa mkewe. Ndani mna sarafu ya heller 20, ya shaba, upande mmoja taji na mwaka 1916, na herufi T ya Tabora. Wajerumani waliifua huko kwa kuwa manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari. Septemba ya mwaka huohuo Tabora yenyewe ikatekwa.

“Mama Mwanaidi, askari waliowashinda Waingereza hapo Tanga, Novemba 1914, wengi wao walibeba bunduki za mfano wa 1871, za baruti ya moshi kama hii yangu,” alisema, tupa mkononi. “Sarafu hii na gobore hili ni ndugu.”

“Na bibi yangu aliyeipokea kwa samaki wake, Baba Mwanaidi, yeye ni ndugu wa nani?”

Mimi nilisimama upande wa Mama mkubwa, na bado nimesimama hapo. Shaba imejaa uvunguni. Sarafu ya bibi ni hiyo moja.

Mama mkubwa akamchomolea mumewe kifuniko cha shaba cha jiko la pampu lililokufa zamani. Baba mkubwa akakata mfuo wa kina kifupi kukatisha mgongo wa mtutu, mwembamba juu na mpana chini, akachonga mguu wa shaba ufuate umbo lake. Akauingiza kutoka ubavuni kwa nyundo ya mti, taratibu, kisha akagongelea kingo za chuma kwa tindo ziubane. Hakuna gundi, hakuna bati.

Alikiacha kijinundu kirefu makusudi, maana kirefu huishusha goroli, na shaba ukishaitoa kwa tupa huirudishi. Risasi zilipoegemea kushoto kwenye boksi la majaribio, alikigonga kidogo kwenda kushoto; zilipotua chini, alikisugua kidogo kichwani, akapiga tena. Jirani alikuja kutazama, akiwa amesimama mbali na minazi yake.

Mkeka bado anadaiwa. Ameahidi kuagiza mwingine Muheza kabla ya Idi.