Jiwe la msingi haliugui

Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, ilitibiwa Nyakahanga miaka mingi, hospitali ya Walutheri iliyobebeshwa mzigo wa hospitali teule ya wilaya. Kyerwa ikamegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na wilaya mpya, kama mwali, ikadai vyombo vyake. Bajeti ya 2018/19 ikatangaza hospitali 67 za wilaya nchini, shilingi bilioni 1.5 za kuanzia kila moja. Ramani za siku hizi zinapendeza: maabara, wodi ya wazazi, vijia vyenye paa machela isilowe. Mvua za Kagera mwazijua. Daktari tu ndiye hachanganywi na saruji. Jiwe la msingi halichelewi: mgeni rasmi hulifunua, husifu thamani ya fedha, kisha huyo, mjini kupima presha.